Hitilafu za jiko la gesi

Hitilafu za jiko la gesi ni kasoro zinazozuia jiko linalotumia gesi ya mitungi kuwaka vizuri au kwa usalama. Nyingi hutokana na mambo machache: gesi haifiki kwenye kichomeo, hewa haitoshi, cheche haitokei, au gesi inavuja njiani. Kwa sababu hiyo, anayetafuta chanzo hufuata njia ya gesi kutoka kwenye mtungi hadi kwenye moto, hatua kwa hatua. Katika maeneo ya baridi kama Litembo, wilayani Mbinga, hali ya hewa na mwinuko huongeza sababu nyingine.

Matumizi nchini Tanzania

Kaya nyingi za Tanzania bado hupika kwa kuni na mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Biashara ya gesi ya mitungi husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Mitungi inayoonekana sana madukani ni ya kilo 6, 15 na 38. Ule wa kilo 6 mara nyingi hufungiwa kichomeo juu yake moja kwa moja. Mtungi wa kilo 15 huunganishwa na jiko la mezani kwa mpira wa gesi na regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi kabla haijafika jikoni.

Gesi ndani ya mtungi

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imegandamizwa hadi kuwa kimiminika. Koki ikifunguliwa, sehemu ya kimiminika huchemka na kugeuka gesi, na kitendo hicho hunyonya joto kutoka kwenye mtungi. Ndiyo maana mtungi unaotumika kwa muda mrefu hushikika wa baridi na kutoka jasho kwa nje.

Propani huchemka kwenye nyuzi −42 za Selsiasi, lakini butani huchemka karibu na nyuzi 0. Kwa hiyo baridi ikiongezeka, butani hutoa gesi kidogo. Huko Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, tatizo hili ni nadra. Katika milima ya Wamatengo, hasa asubuhi za Juni na Julai, mtungi unaokaribia kuisha unaweza kutoa moto dhaifu, kisha ukapata nguvu mchana.

Mwinuko nao una athari. Kwenye mita 1,500 mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa pwani, hivyo kila lita ya hewa ina oksijeni kidogo zaidi. Jiko lililofaa pwani linaweza kutoa moto wa njano milimani mpaka tundu lake la hewa lifunguliwe zaidi.

Dalili na chanzo

- Gesi haitoki kabisa: koki imefungwa, mtungi umekwisha, au regyuleta haikukaa vizuri. Mtungi hupimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe, na tofauti ndiyo gesi iliyobaki.
- Gesi inatoka lakini haiwaki: kiwashio ni kichafu, kina maji au hakitoi cheche. Kama moto wa kiberiti unaliwasha, kasoro iko kwenye kiwashio.
- Moto ni mdogo: mtungi ni wa baridi au unakaribia kuisha, mpira umejikunja, au tundu la gesi limeziba kwa mafuta na chakula kilichomwagika.
- Moto ni wa njano na sufuria zinashika masizi: hewa haitoshi. Kichomeo husafishwa, kikaushwe, na tundu la hewa lirekebishwe. Moto mzuri ni wa buluu.
- Moto unaruka juu ya kichomeo: hewa imezidi au mgandamizo ni mkubwa mno. Regyuleta mbovu hubadilishwa; haifunguliwi nyumbani.
- Moto unazimika kitufe kikiachiwa: hutokea kwenye majiko yenye kihisi cha moto. Kihisi hicho kikiwa kichafu au kimesogea, vali hujifunga.

Mtungi haupashwi moto wala haulazwi ubavu ili kumaliza gesi. Ukilazwa, kimiminika huweza kupita hadi kwenye kichomeo na kusababisha mlipuko wa moto.

Kuvuja kwa gesi

Gesi hii kwa asili haina harufu. Huongezwa kemikali yenye harufu kali ili kuvuja kutambulike. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni na kwenye mashimo. Maungio hukaguliwa kwa povu la sabuni: mapovu yakikua, hapo panavuja. Kiberiti hakitumiki kamwe kwa ukaguzi huo.

Harufu ikisikika, koki hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa, na swichi za umeme haziguswi, iwe kuwasha au kuzima. Watu hutoka nje, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa kwa namba 114.

Kupasha chumba joto

Jiko la kupikia, la gesi au la mkaa, halifai kwa kuota moto ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, na jiko la gesi huitoa pia oksijeni inapopungua. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na huweza kudhaniwa kuwa malaria au uchovu. Ishara muhimu ni watu kadhaa wa chumba kimoja kuugua kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje. Mgonjwa hutolewa nje haraka na kupelekwa hospitali. Jiko la mkaa huondolewa chumbani kabla ya kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu.

Katika nchi za baridi, magari yenye vyumba vya kulala huwekewa tanuri la gesi ambalo moshi wake hutoka nje kwa bomba, bila kuchanganyika na hewa ya ndani. Feni huanza kwanza. Gesi hufunguliwa upepo ukishatosha, na hufungwa ikiwa kihisi hakioni moto. Kwa hiyo betri dhaifu inaweza kulizuia tanuri kuwaka ingawa gesi ipo: feni huzunguka polepole mno, na vali haifunguki.