Jinsi ya kuokoa picha yenye giza kwa msaada wa tarakilishi

KATIKA familia nyingi nchini, picha ya mtu huanza kutafutwa kwa dharura siku ambayo mwenyewe hayupo tena. Tangazo la kifo linatakiwa gazetini, kijitabu cha ibada kinasubiriwa na mpigachapa, na hapo ndipo inapogunduliwa kwamba marehemu alipigwa picha chache mno. Katika nyingi kati ya hizo, huwa amesimama pembeni mwa kundi la watu harusini, uso ukiwa kivulini.

Picha kama hiyo haifai kutupwa. Mara nyingi habari za uso huo bado zimo ndani ya faili ingawa jicho halizioni, na mtu yeyote mwenye tarakilishi na subira ya nusu saa anaweza kuzitoa. Lililo muhimu ni kufahamu ni nini kinachoweza kuokolewa, ni nini kilichopotea kabisa, na ni wapi marekebisho hugeuka kuwa uongo.

Programu za kazi hii ni nyingi. Photoshop ya kampuni ya Adobe, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1990, ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa wataalamu, lakini hulipiwa. Kwa asiyetaka kulipa kuna GIMP, iliyobuniwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutolewa kwa umma mwaka wa 1996. Programu hii hupatikana bila malipo na hufanya takriban kila jambo linalohitajika na mtu wa kawaida.

Chanzo cha giza

Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwangaza wote uliomo mbele yake, kisha hujirekebisha ili wastani wa picha uwe wa kijivu cha katikati. Mtu anaposimama mbele ya anga jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, kamera hudhani kuna mwangaza mwingi kupita kiasi na kuupunguza. Ukuta huonekana vyema, lakini uso hugeuka kivuli kitupu. Tatizo hili huwaathiri zaidi watu wenye ngozi nyeusi, ambayo huakisi mwangaza mchache kuliko vitu vinavyoizunguka.

Teknolojia yenyewe ilichangia. Katika enzi ya filamu, maabara nyingi za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha nzuri. Hata watengenezaji wa simu walichelewa kulishughulikia suala hilo waziwazi. Google, kwa mfano, ilitangaza mfumo wake wa kunasa vyema ngozi za rangi mbalimbali katika simu ya Pixel 6 mwaka wa 2021.

Isitoshe, nchi iliyo kwenye Ikweta huwa na jua la utosini wakati wa adhuhuri, saa ambazo sherehe nyingi hupamba moto. Jua hilo huangaza paji la uso na pua, na kuyaacha macho ndani ya vivuli vizito.

Hatua kwa hatua

Jambo la kwanza ni kutengeneza nakala ya picha na kuiacha ile ya asili bila kuguswa. Faili za JPEG, ambazo ndizo hutolewa na kamera nyingi, hubanwa ili zichukue nafasi ndogo, na kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza sehemu ya ubora wake. Kazi inapoendelea ni heri kuihifadhi katika muundo wa programu yenyewe, na kutoa JPEG mara moja tu mwishoni.

Hatua ya pili ni kunyoosha picha iliyoinama na kukata pambizo zisizohitajika. Hapa hesabu ndogo huepusha aibu. Picha ya kundi yenye upana wa pikseli 4,000 inaweza kuwa na uso wa mtu mmoja usiozidi pikseli 200. Uchapishaji mzuri huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, hivyo uso huo utatoka vyema ukiwa na upana wa chini ya sentimita 2 pekee. Ukivutwa ujaze ukurasa utakuwa vijisanduku vitupu. Kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, pikseli 1,200 kwa 1,800 zinatosha.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha kazi, ni mwangaza. Katika picha ya JPEG, kila rangi ya msingi hupewa viwango 256, kuanzia 0 ambacho ni giza totoro hadi 255 ambacho ni upeo wa mwangaza. Programu huonyesha mgawanyo wa viwango hivyo kwa mchoro mfano wa kilima. Kilima kikirundikana upande wa kushoto, picha ina giza. Kikirundikana kulia, imeungua kwa mwanga.

Chini ya mchoro huo, katika amri iitwayo Levels, kuna pembetatu tatu. Ile ya kulia husogezwa hadi mahali kilima kinapoanzia upande huo, na ya kushoto vivyo hivyo kwa upande wake. Kisha ile ya katikati husukumwa kidogo kuelekea kushoto. Papo hapo macho, mashavu na mistari ya tabasamu huanza kujitokeza.

Hata hivyo, kuna mpaka. Sehemu iliyofikia 255 haina habari yoyote tena. Shela la bibi harusi lililoungua kwa jua halitarudisha nakshi zake kwa amri yoyote ile. Vivuli navyo huwa bado vimeficha kitu, ingawa vikiangazwa kupita kiasi hutoa chembechembe za rangi zisizopendeza. Ndiyo sababu anayepiga picha juani hushauriwa kuhofia zaidi kuunguza kuliko kufifisha.

Iwapo ni uso pekee ulio gizani, haifai kuangaza picha nzima. Eneo la uso huzungushiwa mstari wa kuliteua, kingo za mstari huo hulainishwa ili mpaka usionekane, kisha mwangaza huongezwa mle ndani tu. Lengo ni kuuonyesha uso kama ulivyokuwa. Wapo wahariri wa picha ambao huendelea kuangaza hadi mtu mweusi akawa wa rangi ya chai ya maziwa, na jamaa zake wakabaki kuulizana huyu ni nani.

Rangi na ukali

Hatua ya nne ni kusawazisha rangi. Waliopigwa picha ndani ya hema la kijani hutoka na nyuso za kijani, na walioketi chini ya balbu hutoka na umanjano. Programu nyingi zina kijibomba cha kuonyesha mahali panapofaa kuwa peupe au pa kijivu. Ukosi wa shati jeupe au karatasi iliyo mkononi hutosha, na rangi nyingine zote hujipanga kufuata hapo. Kuongeza ukolevu wa rangi ni jambo la kufanywa kwa uchache, kwani ngozi huwa ya kwanza kuharibika.

Kunoa picha huachwa hadi mwisho, baada ya ukubwa wake kuamuliwa. Kunoa hakuongezi habari mpya; huzidisha tu tofauti ya mwangaza kwenye kingo za vitu ili jicho lione ukali. Kukizidi, kila kitu huzungukwa na ukanda mweupe. Picha iliyotikisika mkono haitibiwi kwa njia hii.

Anayetuma kazi iliyokamilika kwa mpigachapa kupitia WhatsApp anafaa kuituma kama hati. Picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani.

Mpaka wa ukweli

Uwezo huu una hatari zake. Mwaka wa 2003, gazeti la Los Angeles Times lilimfuta kazi mpigapicha wake aliyeunganisha picha mbili za vita vya Iraq kuwa moja. Mwaka wa 2006, shirika la Reuters liliondoa picha 920 za mpigapicha mmoja wa kujitegemea baada ya kubainika kwamba alikuwa amezidisha moshi katika picha ya Beirut. Katika uanahabari, kurekebisha mwangaza na rangi kwa kiasi huruhusiwa, lakini kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwapo ni kosa.

Kwa picha za nyumbani sheria hiyo haipo, lakini swali lilelile lipo. Programu za akili bandia hudai kuisafisha picha ya uso uliofifia kwa kubofya mara moja. Ukweli ni kwamba pikseli zisizokuwapo haziwezi kufufuliwa. Programu hubuni macho, meno na ngozi kwa kukisia kutokana na picha za watu wengine. Uso unaotoka huwa mzuri, ila huenda si wa marehemu.

Kwa hivyo, familia inayopaswa kuchagua kati ya uso uliokisiwa na ule wenye ukungu kidogo lakini wa kweli, ni heri ichukue huo wa pili na kuuchapisha kwa ukubwa mdogo. Na kwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, anayeshika kamera na amgeuze mzee wake kutoka kwenye jua kali, amweke kwenye kivuli chenye mwangaza wa kutosha, amsogelee, na kumpiga picha akiwa peke yake.