Vidonge vya kukinga mionzi: Tiba ya kweli au biashara ya hofu?



 

Leo katika safu yetu ya afya tuliangalie jambo ambalo limeingia majumbani mwetu kimya kimya. Nalo ni makopo ya vidonge, unga na majani ya chai ambayo wauzaji wanadai kuwa yanaukinga mwili na mionzi. Huenda nawe umewahi kuletewa kopo la namna hiyo. Muuzaji anakaribishwa barazani, anauliza kama mnatumia simu za mkononi, kama mtoto amewahi kupigwa picha ya eksirei, kama yupo ndugu anayeugua saratani. Ukishaingiwa na hofu, ndipo anapofungua begi lake. Na mara nyingi bei ya kopo moja ni pesa ya matumizi ya nyumba kwa siku kadhaa.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, ipo dawa au chakula chenye uwezo wa kuukinga mwili na mionzi? Jibu kwa ufupi ni kwamba zipo dawa chache za kweli, lakini kila moja ina kazi yake maalumu na wakati wake maalumu, na hutolewa hospitali au na serikali wakati wa maafa. Ama kopo moja la kukinga kila mionzi, kila siku, kwa kila mtu, hilo halipo. Tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Mionzi ni nini?

Mionzi tunayoizungumzia ni ile yenye nguvu ya kupenya mwilini na kuharibu chembe hai. Baadhi yake ni ya asili, inatoka katika ardhi, miamba, angani na hata katika chakula. Kwa wastani, kila mwanadamu hupata mionzi ya asili ya kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya eksirei ya kifua ina kama milisiverti 0.1 tu, yaani ni kama mionzi ya asili ya wiki mbili hivi. Picha ya CT-Scan ya tumbo ni kubwa zaidi, yaweza kufika milisiverti 8 au 10, ndiyo maana daktari mwadilifu haiagizi bila sababu.

Simu ya mkononi ni jambo jingine. Simu hutoa mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kuvunja chembe hai kama ilivyo kwa eksirei. Ni kweli kwamba mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu vinavyoshukiwa, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo ulikuwa mchache na haukutosha kukata neno. Lakini hakuna kidonge kilichothibitishwa kuwa kinazuia mawimbi ya simu. Mwenye wasiwasi na apunguze maongezi, au aiweke simu mbali na sikio. Hilo halina gharama.

Kidonge cha madini joto na kazi yake

Dawa inayojulikana zaidi katika jambo hili ni vidonge vya potasiamu ayodaidi, yaani madini joto yaliyotengenezwa kama dawa. Kazi yake inaeleweka vizuri kwa kuangalia yaliyotokea Chernobyl, nchini Ukraine, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti.

Tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha huko kililipuka na kumwaga hewani sumu za mionzi za aina nyingi. Mojawapo ilikuwa ni madini joto yenye mionzi. Yalianguka juu ya majani, ng'ombe wakala majani, na watoto wakanywa maziwa. Mwilini, madini joto huenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu. Tezi haijui kutofautisha madini joto salama na yale yenye mionzi, yote inayapokea. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, katika Belarus, Ukraine na sehemu za Urusi zilizoathirika, walikuwa wamegundulika na saratani ya tezi hiyo, na sehemu kubwa ya maradhi hayo ilihusishwa na maziwa yale.

Nchi jirani ya Poland haikungoja. Ndani ya siku chache ilianza kugawa madini joto, na watoto wakapewa dozi zipatazo milioni 10.5. Hekima yake ni hii: tezi ni kama daladala. Likijaa abiria wema pale stendi, abiria mbaya akija njiani hakuti kiti, anapitiliza na kutoka mwilini kwa njia ya mkojo.

Lakini zingatia mipaka ya dawa hii. Kwanza, inakinga tezi ya shingo peke yake. Haikingi damu, mifupa, wala tumbo. Pili, inazuia madini joto yenye mionzi tu. Haizuii sumu nyingine za mionzi wala eksirei. Tatu, ina saa yake. WHO inaelekeza itumike ndani ya saa 24 kabla ya kufikiwa na mionzi, au saa chache tu baada yake. Mtu akiimeza baada ya siku nzima kupita, yaweza kumdhuru zaidi kuliko kumfaa. Nne, watoto na mama wajawazito ndio wanaofaidika zaidi, na wenye umri wa zaidi ya miaka 40 hufaidika kidogo.

Kwa hiyo anayekuuzia madini joto umeze kila asubuhi kwa sababu ya simu au eksirei, ama hajui, ama anajua na anaficha. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 130, na ndani yake mna madini joto zaidi ya mara 600 ya mahitaji ya mwili kwa siku. Ukiyatumia ovyo, tezi yaweza kuharibika.

Hofu ilipoua busara

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya tsunami viliipiga Japan, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima ikaharibika. Huko China watu walikimbilia madukani kununua chumvi, wakiamini kuwa madini joto yaliyomo yatawakinga. Chumvi ikaisha kwenye maduka. Japan nako, wataalamu walilazimika kuwaonya watu wasinywe dawa za kusafishia vidonda na kusukutulia koo kwa kuwa tu zina madini joto.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina kama miligramu 100 za madini joto. Tuseme kilo moja ya chumvi ina miligramu 40. Ili upate kinga hiyo ungelazimika kula kilo mbili na nusu za chumvi kwa mkupuo. Chumvi hiyo ingekuua kabla ya mionzi kukufikia. Chumvi yenye madini joto ni neema jikoni mwetu, inatukinga na rovu na inasaidia akili za watoto wetu kukua vizuri. Tuitumie kwa kiasi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mionzi.

Mkasa wa chuma chakavu

Ndugu msomaji, usije ukasema kuwa sisi hatuna vinu vya nyuklia kwa hiyo hayatuhusu. Sikiliza kisa cha mji wa Goiânia, Brazil.

Mwezi Septemba 1987, watu wawili waliingia katika jengo la kliniki ya mionzi lililokuwa limeachwa, wakang'oa kipande cha mashine na kukiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu, uliokuwa unang'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliustaajabia. Waliwagawia ndugu na majirani, wengine wakajipaka mwilini kama urembo. Binti wa miaka 6 aliucheza, kisha akala chakula kwa mikono ile ile. Yeye na watu wengine watatu walifariki. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Hapo ilitumika dawa nyingine ya kweli, rangi ya buluu ya Prussia. Dawa hii hunasa sesiamu tumboni na kuitoa kwa njia ya choo. Walipewa watu 46, chini ya uangalizi wa madaktari. Lakini nayo haikingi. Inasaidia kutoa sumu ambayo imekwishaingia.

Je, vijana wetu hawaokoti vyuma chakavu mitaani? Watoto wetu hawachezei vitu wanavyoviokota? Wafundishe alama ya hatari ya mionzi: mapanga matatu mfano wa feni, yenye duara katikati, aghalabu juu ya rangi ya njano. Wakiiona wasiguse, wakae mbali, na wewe utoe taarifa polisi au, kwa walioko Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki. Na mtu akishapatwa na vumbi la namna hiyo, kinga ya kwanza si kidonge. Ni kuvua nguo za nje kwa utaratibu, jambo ambalo laweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu huo, kisha kuoga kwa sabuni na maji mengi. Dini yetu imetuzoesha kuosha mikono na kutwaharika. Kumbe tabia hiyo tunayoiona ya kawaida inaweza kuokoa maisha.

Na vitamini je?

Makopo mengi yamejaa vitamini A, C, E na beta-karotini, ile inayotoa rangi ya karoti. Vitamini ni muhimu, na mboga na matunda ya kila siku yanatosha kwa watu walio wengi. Lakini zaidi si lazima iwe bora. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Walidhaniwa watakingwa, wakadhurika.

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Ikiwa nyumbani kwako yupo mgonjwa anayetibiwa saratani kwa mionzi, tafadhali usimpe kopo lolote bila daktari wake kujua. Mionzi ile imelengwa kuua chembe za saratani. Nchini Canada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walifuatiliwa, baadhi wakipewa vitamini E na beta-karotini. Madhara makali ya tiba yalipungua, lakini ilionekana kuwa ugonjwa ulielekea kurudi zaidi kwa waliopewa. Maana yake ni kwamba unaweza kumkinga adui pamoja na mgonjwa. Mapenzi yako kwa mama yako yasije yakawa ndiyo yanayomdhoofishia tiba.

Wengi huficha makopo haya kwa kuogopa kukemewa. Usifiche. Beba kopo lenyewe, mwoneshe daktari. Hata asali, ambayo Qur'an imetaja kuwa ndani yake mna shifaa, mwulize. Wataalamu wanakubali kuwa asali yaweza kuwasaidia baadhi ya wanaotibiwa kichwa na shingo kwa mionzi, kupunguza vidonda vya mdomoni. Hiyo ni nafuu njema, lakini si ngao ya mionzi.

Tufanye nini?

Kinga ya kweli dhidi ya mionzi ina mambo matatu: kupunguza muda wa kuwa karibu nayo, kukaa mbali nayo, na kuweka kizuizi baina yako nayo, kama risasi au ukuta mzito. Ukiandikiwa picha, muulize daktari inahitajika kwa nini. Mama mwenye mimba au anayeshuku kuwa nayo, aseme kabla ya kupigwa picha. Lakini usimkataze mtoto picha ambayo daktari anaihitaji ili ajue ugonjwa wake, kwani ugonjwa usiojulikana una hatari kubwa kuliko picha ile.

Kwa vidonge vya kapsuli, uliza pia ganda lake limetengenezwa kwa kitu gani, maana baadhi hutokana na nguruwe.

Na wewe mfanyabiashara Muislamu, kumbuka kisa cha muuza nafaka sokoni, aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile iliyokavu. Mtume (S.A.W) aliingiza mkono ndani ya chungu ile, akaugusa unyevu, akamkemea vikali. Kumuuzia mgonjwa matumaini yasiyokuwepo ni unyevu ule ule uliofichwa chini.

Ndugu msomaji, kumtegemea Allah (S.W) hakupingani na kumfunga ngamia. Lakini tumfunge kwa kamba ya kweli. Pesa ya kopo lile nunua mchicha, mapapai, maharage na samaki, watoto wale washibe. Na inayobaki iwe nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki siku yake ya miadi isimpite.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe elimu yenye manufaa. Aamin.