Panga Kesi Yako kwa Mstari wa Matukio

Wakazi wengi walio na kesi za ardhi au urithi huhifadhi stakabadhi zao zote katika bahasha moja. Siku ya kwenda mahakamani inapowadia, barua ya chifu imechanganyika na hati za kiapo, na hakuna anayekumbuka kesi ilitajwa lini mara ya mwisho. Njia moja rahisi ya kuondoa mkanganyiko huu ni kuchora mstari wa matukio, yaani mchoro wa ukurasa mmoja unaoonyesha kila hatua ya kesi kulingana na tarehe yake.

Kwa nini tarehe ni muhimu

Haki inaweza kupotea kwa kuchelewa tu. Kwa kawaida, sheria inampa mtu miaka 12 kwenda mahakamani kudai ardhi aliyonyang'anywa. Asiyeridhika na uamuzi wa hakimu katika kesi ya madai ana siku 30 za kukata rufaa. Anayetaka kupeleka kesi katika Mahakama ya Rufaa sharti awasilishe notisi ya rufaa ndani ya siku 14. Aidha, kesi ya madai ikikaa mwaka mmoja bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuwataka wahusika waeleze kwa nini isifutwe.

Mfano wa kesi inayojulikana

Kesi ya jamii ya Ogiek kuhusu Msitu wa Mau ina maelfu ya maneno, lakini mkondo wake unaweza kuonekana kwa mistari michache:

- Oktoba 2009: Notisi ya kuondoka msituni yatolewa.
- Novemba 2009: Malalamishi yafikishwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.
- Julai 2012: Tume yapeleka kesi katika Mahakama ya Afrika, Arusha.
- Mei 26, 2017: Hukumu yatolewa, jamii yashinda.
- Juni 23, 2022: Mahakama yaamuru fidia.

Ukitazama mstari huo, unaona mara moja kwamba kati ya ushindi na agizo la fidia palipita miaka 5. Ukisoma hukumu moja peke yake, huwezi kuona pengo hilo.

Jinsi ya kuchora

1. Juu ya karatasi, andika jina la mahakama na nambari kamili ya kesi, pamoja na mwaka. Nambari yenye herufi E huonyesha kesi iliyosajiliwa kwa njia ya kielektroniki.

2. Toa stakabadhi zote na uzipange kuanzia ya zamani zaidi. Hati nyingi zina tarehe mbili: ya kuandikwa na ya kupokelewa mahakamani. Andika zote mbili, maana wakili au karani atakuuliza hati iliwasilishwa lini.

3. Piga mstari mrefu. Juu yake weka yaliyotokea mahakamani: kusajiliwa kwa kesi, kutajwa, kusikilizwa, kuahirishwa, uamuzi. Chini yake weka ya nje: ununuzi wa shamba, kifo cha mzazi, kikao cha wazee, kuwekwa kwa mawe ya mipaka.

4. Kando ya kila tukio, andika stakabadhi inayolithibitisha. Kama haipo, weka alama ya kuuliza.

5. Tumia kalamu nyekundu kwa tarehe zijazo na siku za mwisho za kuwasilisha hati.

Kusoma mchoro wako

Angalia kwanza mapengo. Ikiwa miezi 10 imepita bila tukio lolote juu ya mstari, usingoje mwaka uishe. Wasiliana na wakili wako au sajili ya mahakama. Kisha angalia alama za kuuliza: hizo ndizo stakabadhi unazopaswa kutafuta. Nakala huombwa katika sajili ya mahakama husika kwa kulipa ada. Hukumu nyingi za mahakama za juu husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law.

Mambo ya kuzingatia

Mchoro huu ni wa kukuongoza tu. Wenyewe si ushahidi, na hauchukui nafasi ya stakabadhi wala ushauri wa wakili. Asiyeweza kumudu wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Wakazi pia wakumbuke kwamba Idara ya Mahakama ni huru na haijagatuliwa. Afisi za kaunti haziwezi kuharakisha kesi wala kubadilisha tarehe. Mtu yeyote anayedai malipo ili akufanyie hivyo asipewe hata shilingi.

Weka nakala moja ya mchoro nyumbani, nyingine mpe mtu wa familia unayemwamini, na uongeze tukio jipya siku iyo hiyo unapotoka mahakamani.