Kung'arisha Nyuso Bila Kuharibu Picha



Picha hii mnaijua. Akina mama wamejipanga mbele ya tanki mpya ya maji, jua la saa saba ni kali. Picha ikitoka, anga inang'aa, tanki inaonekana, lakini nyuso ni giza tupu. Kamera hupima mwanga wa picha yote. Ikikuta anga kali inapunguza mwanga, na nyuso ndizo huumia.

Kikundi kimoja nilichotembelea kilijaribu kujirekebishia. Kijana wao akaongeza mwanga picha nzima. Nyuso zikaonekana, ndio, lakini jina la kikundi lililoandikwa kwenye tanki likapotea kabisa. Na picha ilikuwa ya ripoti! Mweka hazina akauliza, "Sasa hii tanki ni ya nani?"

Dawa yake inaitwa maski. Fikiria unavyoandika namba kwenye gunia la mahindi. Unakata tundu kwenye katoni, unailaza juu ya gunia, unapaka rangi. Rangi inapita penye tundu tu. Mafundi wa studio za zamani nao walikinga sehemu ya karatasi kwa mkono au kadi ndani ya chumba cha giza, ili sehemu hiyo isitoke nyeusi sana.

Kwenye kompyuta tunaweza kutumia programu ya GIMP, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996 na ni ya bure. Fuata hatua hizi:

1. Fungua picha, kisha nakili tabaka lake. Sasa una picha mbili zilizolaliana.
2. Ongeza mwanga kwenye ile ya juu mpaka nyuso zionekane. Anga ikiharibika, usijali.
3. Wekea tabaka la juu maski nyeusi. Litajificha lote, uone picha ya kwanza.
4. Hakikisha umechagua maski, si picha. Chukua brashi yenye ukingo laini na rangi nyeupe, upake nyuso tu.
5. Hifadhi faili ya XCF ili uweze kurekebisha baadaye. Ya kutuma, toa JPEG.

Kumbuka: nyeupe inafunua, nyeusi inaficha, kijivu inafunua nusu. Ukikosea, paka nyeusi uanze tena. Picha ya chini haijaguswa.

Tuwe waangalifu kwa mambo mawili. Kwanza, usimng'arishe mama mpaka majirani wasimtambue. Pili, ufundi huu unaweza pia kuficha ufa wa tanki. Tusiutumie hivyo. Picha ya ripoti ni ushahidi, na ukificha ufa, nani atasaidia kuuziba?

Hapa Nchiru tuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia. Mwenye mtoto au mpangaji anayesoma huko amwombe aje na kompyuta siku ya mkutano. Na picha ijayo, jamani, tupige asubuhi, jua likituangalia usoni.