Kinachodungwa kabla ya picha ya figo si 'dawa'

Mgonjwa anayepelekwa kupigwa picha ya figo aghalabu huambiwa, "Tutakudunga dawa kidogo ili picha itoke vizuri." Naye huitikia. Kwani nani akatae dawa hospitalini? Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo 'dawa' linampotosha. Kinachotiwa mshipani hakitibu chochote. Kazi yake ni kuonyesha, na asiyejua hivyo hawezi kuuliza maswali yanayomfaa.

Tuanze na kazi yenyewe. Miale ya eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huzuiwa na mifupa kwa kuwa ina kalisi nyingi. Figo, kibofu na mirija inayoviunganisha ni nyama laini, sawa na viungo jirani. Katika picha ya kawaida ni vigumu kuvitenganisha. Hapo ndipo inapohitajika iodini, ile ile inayotiwa katika chumvi ya mezani. Atomu zake ni nzito, hivyo huzuia miale. Ikishadungwa, damu huifikisha kwenye figo, nazo huichuja na kuiteremsha pamoja na mkojo. Baada ya dakika chache njia nzima ya mkojo huonekana nyeupe pichani, na palipoziba hujulikana.

Ajabu ni kwamba hapo mwanzo ilikuwa dawa kweli. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walikuwa wakiwatibu wagonjwa wa kaswende kwa chumvi ya iodini. Wakaona kuwa vibofu vya wagonjwa hao vinajitokeza kwenye eksirei, wakatangaza matokeo yao mwaka 1923. Mwaka 1929 Moses Swick, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Berlin, akafaulu kupiga picha za figo kwa kutumia mchanganyiko wa iodini ulio salama zaidi. Kazi ikabadilika, ila jina 'dawa' limebaki vinywani mwetu.

Wapo wanaosema 'rangi'. Nalo halifai, maana hakuna kinachopakwa rangi mwilini; weupe uko pichani tu. Napendekeza 'kidhihirishi', kutokana na kitenzi dhihirisha, jinsi unganisha ilivyotupa kiunganishi. Wingi wake ni vidhihirishi. Anayeliona gumu na aseme 'kionyeshi'. Kanuni ya uundaji ni ile ile.

Je, haya ni mambo ya wanaisimu tu? La hasha. Ukiambiwa ni dawa, utauliza itakuponya lini. Ukiambiwa ni kidhihirishi, utauliza kama kinahitajika. Mawe mengi ya figo, mathalan, huonekana katika skani ya CT bila kudungwa chochote. Utauliza pia kama figo zako, ambazo ndizo zitakazokitoa mwilini, zina nguvu ya kazi hiyo. Ndiyo sababu damu hupimwa kreatinini kwanza kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tatizo la figo. Utakumbuka kutaja kwamba una mimba, kwamba unatumia metformini kwa ajili ya kisukari, au kwamba uliwahi kuvimba na kushindwa kupumua ulipodungwa kitu kama hicho. Na ukielezwa mapema kwamba utahisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, hata kudhani umejikojolea, hutaruka kitandani kwa hofu.

Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, si ajabu mgonjwa kupewa fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, akaonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi. Idhini gani hiyo ya mtu asiyejua anaidhinisha nini? Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu na wataalamu wa picha za mwili waketi pamoja, waandike fomu hizo kwa lugha inayoeleweka. Wakati tunawasubiri, nawe ukifika kwenye chumba cha picha usione haya. Uliza: "Hiki mnachonidunga kinatibu, au kinaonyesha?"