Kisu cha Pembe Sandukuni mwa Baba



Mamangu alipomaliza eda, tulikaa ukumbini kulifungua sanduku la safari la marehemu baba. Baba alikuwa baharia, na sanduku lile halikufunguliwa na mtu mwingine muda wote wa uhai wake. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, misbaha, dira ya shaba, na kitu kirefu chembamba kilichofungwa kwa kitambaa cha mafuta. Kabla ya mtu mzima kukishika, mjukuu wa miaka tisa alikwisha kukifungua. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyochanganyika na moshi. Ubavuni palikuwa na kitufe. Mtoto akakibonyeza.

Ulisikika mlio mmoja mkavu, na bapa la chuma likachomoza na kupita kando ya kidole cha dadake. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini mamangu alisimama akatamka neno moja tu: “Kitieni baharini leo hii.” Jioni ile nduguyangu mdogo akapiga simu kutoka London. Alipopewa habari, naye akawa na lake: “Msikitupe. Hicho baba aliniahidi mimi. Nitumieni, nimwekee mwanangu.”

Nikabaki kati ya amri ya mama na ombi la ndugu. Nikaona kwamba kabla ya kutii upande wowote, ni wajibu nijue nilichokishika. Penye shina la bapa palikuwa pamechongwa neno moja: MANIAGO.

Mji wa wahunzi

Maniago ni mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Italia, katika eneo la Friuli, chini ya vilima vya milima ya Alpi. Mwaka 1453 mtawala wa mji huo, Nicolò wa Maniago, alipata idhini ya kuchimba mfereji wa kuyateka maji ya kijito cha Colvera. Maji yale yaliendesha vinu vya nafaka na misumeno ya mbao, na pia nyundo kubwa za kufulia chuma. Penye nyundo wakakusanyika wahunzi. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa chini ya dola ya Venezia, nao wahunzi walifua zana za wakulima na wakata miti. Vizazi vilivyofuata vikageukia kazi nyembamba zaidi: mikasi, nyembe na visu vya kukunja. Hadi leo mji huo hujulikana kwa visu, na kiwanda chake kimojawapo cha zamani kimegeuzwa kuwa makumbusho ya kazi ya uhunzi.

Maniago haiko peke yake. Katika jimbo la Toscana upo mji wa Scarperia, ulioasisiwa na Firenze mwaka 1306, ambako mafundi wa visu walikuwa na kanuni zao zilizoandikwa tangu mwaka 1538. Na katika kisiwa cha Sardinia, kijiji cha Pattada kina sifa ya visu vya kukunja vyenye mipini ya pembe za kondoo dume. Katika nchi hiyo, kisu kilikuwa cha mchungaji na mkulima, chombo cha kukatia jibini na mkate, na mpini wake ulitokana na mifugo ya pale pale.

Kisu cha kufyatuka ni jamaa wa hivyo vya kukunja, ila kimezidishiwa springi. Ndani ya mpini hukaa utepe bapa wa chuma unaolisukuma bapa wakati wote litoke. Kinacholizuia ni ncha ndogo ya kitufe iliyoingia katika tundu la shina. Kitufe kikibonyezwa, ncha hujiondoa na springi humaliza kazi. Vile vya zamani, vinavyotafutwa sana na wakusanyaji, vina ulimi mdogo mgongoni ambao huinuliwa kwa ukucha ili bapa likubali kukunjwa tena. Vingi vya baadaye hukunjwa kwa kukizungusha kile kilinda mkono kilichoko shingoni. Katika kisu cha mkono, vipande hivi husuguliwa kwa tupa kimoja kimoja hadi vikubaliane. Springi ya kisu kimoja ukiitia katika kingine, aghalabu haitakaa.

Siri ya pembe

Kinachoongeza thamani ya visu hivi machoni mwa wakusanyaji ni mpini wake. Sisi wa pwani si wageni wa pembe. Bibi zetu waliumika kwa chuku, ile pembe ya ng'ombe iliyo tupu ndani. Huo utupu ndio maelezo ya kazi yote. Pembe ni gamba la keratini, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kucha na nywele zetu, lililovaa juu ya kiini cha mfupa. Kiini kikitolewa, hubaki gamba lenye uwazi, na ncha peke yake ndiyo iliyojaa.

Fundi huipasa gamba moto au kulichemsha hadi lilegee, kisha hulibana katika jiliwa lipate kunyooka kama ubao. Halafu huliacha likauke kwa muda mrefu. Pembe iliyoharakishwa hurudi kujikunja ikiwa imekwisha kupigiliwa misumari, na mpini hupasuka. Vibamba viwili vya mpini hutafutwa vinavyoshabihiana, ili rangi ya upande huu ijibu rangi ya upande wa pili. Mwisho hupigwa msasa, kutoka mkali hadi laini kabisa, mpaka mwanga uingie ndani yake na michirizi ionekane kama moshi katika asali.

Kwa sababu hiyo, hakuna mipini miwili ya pembe iliyo sawa sawa. Katika filamu maarufu ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Sidney Lumet, kuhusu wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama, kijana anashitakiwa kwa mauaji, na kisu kilichotumika kinadaiwa kuwa hakina mfano. Mmoja wa wazee wale anatoa mfukoni kisu kingine kama kile kile, alichokinunua kwa dola sita jirani na nyumba ya kijana. Shaka inaingia barazani. Kisu cha kiwandani kina ndugu zake wengi, ilhali kile cha pembe, aliyekitia mkononi mara moja hukitambua hata kikiwa miongoni mwa mia.

Kilivyogeuka kitisho

Je, chombo cha fundi kilifikaje kuogopwa kiasi hiki? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Kimarekani waliorudi kwao walivichukua visu hivi kama kumbukumbu, na wafanyabiashara wakafuata nyayo zao. Visu vikamiminika Marekani, vingi vya bei rahisi na vya mipini ya plastiki, vikaangukia mikononi mwa vijana wa mitaani.

Msomaji mwenzangu, huenda ukapenda kujua kwamba miongoni mwa waliopaza sauti mapema ni jarida la akina mama. Mwezi Novemba 1950, jarida la Woman's Home Companion lilichapa makala iliyoviita visu hivi kitu cha kuchezea kinachoua. Wazazi wakashituka, wabunge wakasikia, filamu nazo zikazidisha hofu. Mwaka 1958 sheria ya taifa zima ikakataza kuviingiza Marekani na kuviuza kutoka jimbo hadi jimbo. Uingereza ikafuata mwaka 1959 kwa kupiga marufuku kuviunda, kuviuza na kuviingiza nchini. Hata Italia yenyewe, sheria huvihesabu kuwa silaha, wala si ruhusa mtu kutembea navyo mfukoni.

Sikuwaona akina mama wale kuwa wajinga wa sanaa. Walikuwa na watoto, kama mamangu alivyokuwa na wajukuu wake pale ukumbini. Sisi wa Mombasa tunajua pia maana ya kijana kutoka nyumbani usiku na chuma kiunoni. Fundi wa Maniago alifanya kazi yake kwa subira, lakini springi haijui nani anayekibonyeza kitufe.

Kwa anayevikusanya au aliyevirithi

Kwanza, ajue alichonacho. Plastiki nyingi huigiza pembe. Pembe ya kweli ukiielekeza kwenye mwanga hupitisha nuru, na michirizi yake haijirudii. Ya kuigiza mara nyingi ina mchoro ule ule pande zote mbili. Unga wa pembe iliyokwaruzwa ukiungua hunuka kama nywele zilizoungua.

Pili, mipini ya seluloidi, ile plastiki ya kale, iwekwe mbali na visu vingine. Ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaotia kutu chuma kilicho karibu. Kisu pia kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu. Katika hewa yetu ya chumvi, bapa lipanguswe mafuta mepesi kila baada ya wiki chache. Pembe nayo ipakwe mafuta kidogo isikauke na kupasuka, na ikaguliwe, maana wapo wadudu walao sufu na ngozi ambao hula na pembe.

Tatu, aulize pembe ya nani. Mipini mingi ya Italia ni ya ng'ombe au nyati wafugwao wa Asia, na hiyo ni biashara ya mifugo. Pembe ya kifaru ni habari nyingine. Katika miaka ya 1970 hamu ya mipini ya majambia huko Yemen ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowamaliza vifaru wetu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Leo, kuweka pembe ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Nne, jambo la tohara. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani, pembe ya mnyama asiyechinjwa kisheria huhesabiwa najisi. Wanazuoni wa Hanafi huiona tohara. Asiyejua asili ya pembe yake asikitumie kisu hicho jikoni wala asisali nacho mfukoni, na amuulize sheikh wake.

Tano, na hili ndilo kubwa, kisu kiwekwe chini ya kufuli, springi ikiwa imelegezwa na fundi ikiwezekana. Kisitoke nje ya nyumba pasipo kuulizia sheria, wala kisiingizwe katika mizigo ya ndege kwa kudhani kuwa ukale wake ni kinga.

Tulivyopatana

Nilipomaliza kuyajua haya nilimpigia simu nduguyangu. Nikamweleza kwamba tangu Julai 2021, huko aliko, kuwa na kisu hiki hata ndani ya nyumba ni kosa, licha ya kukibeba. Alikasirika. Akaniambia kwamba namnyima urithi wake, na kwamba mimi niliye karibu na sanduku ndiye mwenye kufaidi. Neno hilo liliniuma kwa siku nyingi, kwa sababu katika mirathi, mwenye kukaa na mali ya wenziwe huwa amebeba amana, na amana ni nzito kuliko mali yenyewe.

Tulikaa tena kwa simu, sisi na mamangu, mbele ya mjomba wetu. Mamangu aliuliza swali moja: “Mwanangu, wataka kisu, au wataka kitu alichokishika babako?” Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kwa muda. Kisha nduguyangu akaulizia ile dira ya shaba.

Dira ilisafiri kwenda London mwezi uliofuata, imefungwa katika kanzu moja ya baba. Kisu kilibaki hapa kwa ridhaa ya warithi wote, na mwenyewe amesema kwamba akija likizo atataka kukiona. Fundi wa saa wa mtaani aliichomoa springi mbele yetu, akaifunga katika karatasi na kunikabidhi. Sasa kisu hufunguka kwa vidole tu, polepole, kama kisu chochote cha kukunja.

Mamangu alikitazama siku ile kwa mara ya kwanza bila hofu. Alikiinua penye dirisha, jua la alasiri likapita ndani ya pembe, naye akasema kwamba hakuwahi kujua kuwa baba alikuwa na jicho la vitu vizuri. Kisha akakirudisha katika kitambaa chake, akafunga kabati kwa ufunguo, na ufunguo akautia pindoni mwa leso yake.