Basi Kuukuu: Je, Mita Inasema Kweli?

Ndugu wanakikundi, pesa za kununua basi ni jasho la watu wengi. Kabla hamjalipa, hakikisheni kilomita zilizo kwenye mita ni za kweli.

Kwanza, pigeni hesabu. Basi la Nyeri hadi Nairobi hutembea kama kilomita 150 kwenda na 150 kurudi, yaani 300 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi ni 7,500. Kwa mwaka 90,000. Kwa miaka 5 ni 450,000. Mita ikionyesha 160,000, mwenyewe aulizwe: siku zingine lilikuwa wapi?

Pili, ombeni risiti za gereji. Mafundi wengi huandika kilomita wakibadilisha oili. Zikishuka badala ya kupanda, mita imechezewa.

Tatu, angalieni pedali, usukani, kiti cha dereva na ngazi. Vikiwa vimelika sana, haviendani na kilomita chache. Pedali mpya ndani ya basi kuukuu pia ziulizwe.

Nne, liendesheni. Mita ya kebo ikikatwa, basi linatembea lakini namba zimelala. Ya tarakimu tano ikipita 99,999 huanza tena sufuri. Ya kisasa nayo hurudishwa nyuma kwa kompyuta, na kwa macho hutaona kitu.

Kilomita nyingi si aibu. Afadhali basi la 450,000 lenye risiti zake kuliko la 160,000 lisilo na karatasi hata moja. Na mwende na fundi wenu, si wa muuzaji.